Friji Yageukia Mnara

Mama mkubwa alikubali kuhamia kwenye basi kwa sharti moja, na alilitaja mbele ya mashahidi ili mtu asije akajitia usahaulifu.

"Siku kazi yangu itakapokatika kwa sababu ya basi hili," alimwambia mumewe, "nitapanda basi lingine nirudi nyumbani. Na nitakaa dirishani nikupungie mkono."

Mashahidi tulikuwa mimi, mama yangu na paka wa jirani. Baba mkubwa alicheka. Ana kawaida ya kucheka anapoogopa. Mama anasema hata siku ya harusi alicheka mpaka mpiga picha akanuna.

Baba mkubwa ameendesha mabasi tangu kabla sijazaliwa. Alipostaafu alinunua moja la kampuni, bovu kuliko yote, akang'oa viti vyote isipokuwa viwili vya mbele, akatia kitanda, meza, jiko la gesi, tangi la maji, na choo ambacho kwa heshima ya familia sitakieleza.

"Maisha yangu yote nimesimama pale abiria anapotaka," alituambia. "Dereva shusha! Dereva umenipitiliza! Sasa nataka kusimama ninapotaka mimi, na abiria awe mmoja tu, tena yule ninayempenda."

Mimi machozi yalinilengalenga. Mama mkubwa aliuliza kama abiria huyo atapewa tiketi.

Mtaani basi lile waliliita Friji. Baba mkubwa alikuwa amepata mabaki ya lori la kusafirishia nyama, lile lenye sanduku la baridi mgongoni. Alilibandua sponji na mabati yake laini yanayong'aa, akalivisha navyo basi lote kwa ndani, kuanzia sakafu hadi paa, kisha akafunika kwa mbao nyembamba. Wakati wa kazi hiyo mlango ulikuwa wazi, na kila aliyepita aliona pango la fedha.

"Mzee, nyama mtaanza kuuza lini?" walimwuliza.

"Subirini jua liwake," aliwajibu, "tuone nani atakuwa nyama."

Nami nilipita, nikaingia, nikasifia ubaridi. Nilikuwa nimemaliza chuo, uhandisi wa mawasiliano, na cheti changu kilikuwa bado kinanukia wino. Nakumbuka niligonga ukuta ule kwa vidole na kusema, "Baba mkubwa, hapa hakipiti kitu." Nilikusudia kumpa sifa.

Kazi ya Mama mkubwa ni ukalimani wa lugha ya alama. Mgonjwa kiziwi anapofika hospitali ambayo hakuna anayejua kusema naye, daktari hufungua kompyuta, na Mama mkubwa hutokea kwenye kioo. Daktari anazungumza, Mama mkubwa anageuza maneno kuwa mikono. Mgonjwa anajibu kwa mikono, Mama mkubwa anaigeuza kuwa maneno. Kampuni yake ilikuwa imewaruhusu wakalimani kufanya kazi popote, mradi wafaulu jaribio la picha ya moja kwa moja kutoka mahali hapo. Anayeshindwa anarudi ofisini, kila siku, asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: jaribio likifaulu, wanaishi barabarani pamoja, likishindwa, Baba mkubwa atabaki na kitanda cha watu wawili, choo kile, na barabara yote peke yake.

"Injinia," aliniambia Baba mkubwa, akiniita hivyo kwa kejeli lakini na tumaini kidogo ndani yake, "mtandao wa Friji nakuachia wewe. Chagua, funga, na usiniaibishe."

Niliona kama nimekabidhiwa nchi. Tasnifu yangu ilikuwa juu ya mtandao kama haki ya kila mtu, sawa na maji. Nilikuwa nimeandika, na bado naamini, kwamba siku moja mwanamke mjamzito asiyesikia ataweza kumwuliza daktari swali lake popote alipo na akajibiwa. Sasa nilipewa nafasi ya kulifanya jambo hilo kwa mikono yangu, ingawa ndani ya basi la nyama.

Nilikwenda kwenye duka la simu. Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati lililokaza na tabasamu lililolegea.

"Dada, unataka mtandao wa nini? Wa kuchati, wa filamu, au wa mapenzi?"

"Wa mikono," nilimwambia.

Alirudi nyuma hatua moja. Ikabidi nimweleze habari za Mama mkubwa, hospitali na basi.

"Aa! Basi chukua kifurushi hiki. Hakina kikomo."

"Kabisa?"

"Kabisa, dada yangu. Mpaka ukifikie."

"Ukifikie nini?"

"Kikomo."

Tuliendelea hivyo kwa muda. Nilimwuliza kasi inashuka kiasi gani mtu akikifikia hicho kikomo kisichokuwepo. Akaniambia haishuki, ila inapumzika. Alitaka pia kuniuzia sahani ya kupokea mtandao wa satelaiti. Niliitazama kwa uchu, lakini betri za Friji zilikuwa za kuwasha taa, pampu na feni, na sahani ile ingezinyonya kama kupe. Tena inataka anga wazi, wakati Baba mkubwa alishaapa kuegesha chini ya kila kivuli atakachokutana nacho. Kutumia simu tu kugawa mtandao kulifaa kwa soga. Katikati ya maelezo ya daktari, shangazi mmoja akipiga simu kuuliza mmefika wapi, kila kitu kinakatika.

Mwishowe nilichagua ruta ya kuweka laini mbili, za kampuni mbili tofauti. Hii ikizimia, ile inaamka. Hapo nilijiona nimewaza kama injinia kweli. Muuzaji alinifungia kwenye mfuko akasema, "Dada, hii hata ukienda kuzimu utapata vijiti vitatu."

Baba mkubwa aliipenda ruta, ila hakutaka kuiona. "Nyumba yangu haitakuwa na nyaya zinazoning'inia kama tambi." Tukaificha ndani ya kabati, juu ya kitanda, ukutani kabisa. Nikaiwasha palepale uani kwao, mnara ukiwa karibu kiasi kwamba kivuli chake kilikuwa kinaanguka kwenye kamba ya nguo. Nilipakua filamu nzima kabla Baba mkubwa hajamaliza kumenya chungwa lake.

"Aisee!" alisema, chungwa likimdondokea. "Mama, njoo uone! Mwanao ameleta mto wa maziwa!"

"Ngoma ikivuma sana hupasuka," alisema Mama mkubwa, lakini alikuwa anatabasamu.

Jumamosi tukaondoka. Mimi nilikwenda nao ili kuangalia mitambo, neno ambalo Baba mkubwa alipenda kulitumia kwa ajili ya ruta moja. Tulipanda, tukashuka, tukaimba vibaya. Jioni tukafika kando ya bwawa kubwa, mahali ambapo Baba mkubwa alipaota tangu alipokuwa akipita pale na abiria hamsini waliokuwa wakimkataza kupunguza mwendo. Aliingiza Friji taratibu mpaka pua yake ikatazama maji. Akazima injini. Akakaa kwenye kiti chake cha udereva, mikono juu ya usukani, kioo kikubwa cha mbele kimejaa bwawa kutoka upande hadi upande.

"Chai yangu ya kila asubuhi," alisema kwa sauti ya chini, "nitanywea hapa."

Nyuma yetu kulikuwa na kilima, na juu ya kilima mnara wa simu.

Jumapili asubuhi tulifanya mazoezi. Jaribio lilikuwa kesho yake, saa nne. Mimi nilikwenda nje na simu yangu, nikakaa kwenye jiwe mbali na basi, nikajifanya mgonjwa. Mama mkubwa alikaa mezani, nyuma kabisa ya basi, kompyuta mbele yake. Picha yake ikaja, nzuri, akainua mkono, na pale mkono ulipofika puani, ukaganda. Nikangoja. Mama yangu mkubwa, mwanamke wa heshima zake, alibaki kwenye simu yangu kidole kikiwa kimeelekea tundu la pua, macho nusu yamefumba, mdomo wazi. Kisha akaruka ghafla, mikono mahali pengine kabisa, sentensi nzima imepotea katikati.

Nilirudi ndani. "Mama mkubwa, ulisema nini?"

"Nilisema dawa hii ni kutwa mara mbili, usizidishe. Wewe umeona nini?"

"Nimeona 'dawa', pua, halafu 'zidisha'."

Hakucheka. Alikunja kompyuta polepole. "Kwa hiyo nimeua mtu," alisema.

Baba mkubwa alikuwa mbele, simu mkononi. "Mbona mimi naona filamu vizuri? Inakwama kidogo tu. Mtandao upo!"

Hapo nikaelewa kosa langu la kwanza. Kule uani nilipima kasi ya vitu vinavyoingia. Mama mkubwa kazi yake ni kutoa.

"Mnara una sauti kubwa," niliwaeleza. "Ukipiga kelele tunausikia. Ruta yetu ina sauti ndogo. Sisi tunausikia mnara, mnara hautusikii sisi."

"Naifahamu hali hiyo," alisema Mama mkubwa. "Nimeishi nayo miaka mingi."

"Nimesikia!" alisema Baba mkubwa.

"Hayo ndiyo maajabu."

Lakini mnara ulikuwa pale kilimani, si mbali. Kwa nini usitusikie? Nilibadilisha laini, nikatumia ya kampuni ya pili, hali ileile. Nilitoka nje nikautazama mnara vizuri, na kumbe kampuni zote mbili zilikuwa zimetundika vyombo vyao kwenye chuma kilekile. Nilikuwa nimenunua miavuli miwili yenye kitambaa kimoja. Basi nikaichomoa ruta kabatini, nikaifunga kwenye betri ndogo, nikaanza kutembea nayo kama mtu anayebembeleza mtoto. Nje ya mlango, taa zote za kijani. Nikapanda ngazi: nyekundu. Nikashuka: kijani. Nikapanda tena. Baba mkubwa aliuliza kama hayo ndiyo tuliyosomeshwa chuoni.

Niligonga ukuta kwa vidole. Mlio ule ule wa siku ile.

"Baba mkubwa, yale mabati uliyaweka wapi na wapi?"

Alijitutumua. "Kila mahali! Juu, chini, pembeni, mlangoni. Mimi sifanyi kazi nusunusu."

"Na madirisha?"

"Nimeyabandika karatasi ya fedha. Jua likija linajiona sura, linarudi lilikotoka."

Niliketi kwenye ngazi. "Mtandao nao unajiona sura, unarudi ulikotoka. Umetuweka kwenye sufuria, ukafunika na kifuniko."

Nilitamani kuongeza kwamba mimi, injinia mzima, nilisimama mbele ya sufuria hiyo ikiwa wazi nikaisifia. Sikuongeza, kila mtu aliyekuwepo alikuwa anakumbuka.

"Sasa dawa yake?" aliuliza Mama mkubwa.

"Antena ya nje. Tunatoboa tundu moja dogo kwenye paa, tunapitisha waya, tunaziba."

"Kutoboa!" Baba mkubwa aliinuka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Paa hili? Paa ambalo nimelimwagia ndoo kwa ndoo mpaka nikahakikisha halivuji hata tone? Tobo moja tu, mvua ya kwanza, nalala na chura! Injinia, toboa mguu wangu kwanza."

"Na antena utaipata wapi Jumapili?" Mama mkubwa aliniuliza mimi.

Hakungoja jibu. Aliinuka, akavuta sanduku lake chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Hakupiga kelele. Alikunja kila gauni mikono ndani, kola juu, kwa utaratibu wa mtu anayeondoka kweli. Baba mkubwa alianza kucheka kile kicheko chake.

"Mke wangu, ukipenda boga penda na ua lake."

"Boga nimelipenda," alisema, bila kugeuka. "Ua ndilo linalonifukuza kazi." Kisha akaketi kitandani na gauni mapajani. "Unafikiri naringia mshahara? Wiki iliyopita nilimkalimania mama mmoja anayejifungua. Alikuwa ameyaning'iniza macho kwenye mikono yangu kama kamba. Picha ikiganda pale, anabaki peke yake na watu wanaofungua midomo. Siwezi kumfanyia mtu hivyo ili wewe unywe chai unaangalia maji."

Nilitoka nje kwa sababu nilitaka kulia na nilitaka kufikiri, na mawili hayo siyawezi mbele za watu. Nikazunguka basi. Bati, karatasi ya fedha, bati. Nikafika mbele, nikainua macho. Juu ya kioo cha dereva kulikuwa na lile sanduku la kibao cha njia, lenye kioo chake kidogo, ambamo zamani walikuwa wanaandika basi linakokwenda. Baba mkubwa alikuwa ameacha kibao chake cha mwisho, herufi nyeupe juu ya kitambaa cheusi: SAFARI MAALUMU.

Nikarudi ndani mbio. "Baba mkubwa, kule kwenye kibao uliweka bati?"

Aliona haya. "Hapana. Pale sikugusa. Pale ni... pale ni uso wake."

Sanduku lilifunguka kwa ndani, juu ya kichwa cha dereva. Ndani yake hapakuwa na bati wala fedha, ila kioo kitupu, na waya wa taa ya kibao ulikuwa bado unaleta umeme. Niliufunga kwenye kidude cha kupunguza nguvu ya umeme nilichokuja nacho, nikaiweka ruta ikiegemea kioo. Ilibidi kibao kitoke. Baba mkubwa alikiviringisha mwenyewe, akakiweka chini ya mto wake.

Taa zikawa njano, si nyekundu tena, lakini bado si kijani. Mbele ya kioo kile kulikuwa na bwawa. Mnara ulikuwa mgongoni. Mtandao ulikuwa unatufikia kwa kuzunguka, kama mgeni aliyekosa mlango.

"Ni kugeuza gari tu," nilisema. "Pua itazame kilima."

"Nimeshaegesha," alisema Baba mkubwa.

"Baba mkubwa..."

"Injinia. Viti nimeng'oa, bati nimetukanwa, kibao nimevua. Maji haya nimeyangoja maisha yangu yote. Taa ya njano si nyekundu. Njano inatosha, hata barabarani njano mtu anapita."

Tulifanya mazoezi tena, na kwa kweli picha ilikwenda, ikijikwaa hapa na pale. Mama mkubwa alifunga zipu ya sanduku na kuliweka mlangoni.

Jumatatu saa nne ilipofika, kijiji kizima nyuma ya kilima kilikuwa kimeamka na kila mtu ameshika simu yake, na njano yetu ikaanza kupepesa. Mama mkubwa alikuwa tayari mezani kule nyuma, amevaa blauzi nyeusi ili mikono ionekane, amevaa visikilizio. Nyuma yake dirisha la mwisho lilionyesha kilima na mnara. Mimi nilisimama mbele karibu na ruta. Baba mkubwa alikuwa kwenye kiti chake, kikombe mkononi, anatazama maji bila kunywa.

Mkaguzi alitokea. Alikuwa mwanamke kiziwi mwenye nywele fupi na uso usiodanganyika; yeye angekuwa mgonjwa. Mwenzake mmoja asiyeonekana, mwenye sauti ya kukwaruza, angekuwa daktari. Wakaanza. Nilimwona Mama mkubwa akisalimia, akauliza maumivu yako wapi, mikono yake miepesi kama mtu anayeanika nguo kwenye upepo. Nikasahau kuogopa. Halafu nikamwona anasimama, anarudia. Anasimama. Anarudia tena, polepole, uso umekaza.

Baba mkubwa alikuwa anamwona kwenye kioo cha ndani, kile alichokuwa akitumia kuwachungulia abiria. Lugha ile hakuwahi kujifunza. Alikuwa akisema mikono yake ni ya usukani. Lakini alama ya "tena" aliijua. Katika ndoa yao ilikuwa inatumika sana. Aliiona mara ya tatu. Akaiona mara ya nne. Akakiweka kikombe chini, akayatazama maji kama mtu anayemuaga mgeni kituoni, na akawasha injini.

"Baba mkubwa!" nilinong'ona. "Yuko katikati!"

"Mkaguzi hasikii," alinong'ona.

"Daktari anasikia!"

Basi akaondoa gari kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Injini ilikuwa inanguruma chini kwa chini, kama paka anayebanwa. Kwa kawaida dereva wa basi anageuza kwa kusikiliza konda akigonga bodi: gonga mbili nenda, gonga moja simama. Kugonga kusingewezekana. Kwa hiyo niliinua mikono yangu mbele ya uso wake na kumwonyesha alama, zile chache nilizojifunza utotoni mezani kwa Mama mkubwa: rudi, rudi, polepole, simama. Naye akazifuata, mzee wa mikono ya usukani. Tulirudi nyuma. Tukakata kushoto. Sufuria ilianza kutembea jikoni. Niliikamata kwa mguu. Sanduku lile pale mlangoni liliyumba, likaanguka kifudifudi.

Mama mkubwa alituona wote wawili, kwa sababu alikuwa ametazama mbele. Macho yake yalikuwa yanasema mambo ambayo hayana alama katika lugha yoyote ya heshima. Lakini magoti aliyabana chini ya meza, kiwiliwili kikanyooka, na mikono haikuyumba hata kidogo. Nyuma yake, dirishani, kilima kilitembea kikatoka. Wakapita mbuzi wawili. Ukaja mti. Kisha, polepole, bwawa likaingia na kujaa dirisha zima.

Taa ikawa kijani.

Nikainua kiganja: simama. Friji ikasimama, pua yake ikitazama mnara uso kwa uso. Baba mkubwa akazima injini na kufuta jasho kwa tai yake ya kazi ya zamani, ambayo hakuwa ameivaa; alijipapasa kifuani tu. Nyuma kule mikono ya Mama mkubwa ilikuwa inaruka sasa, bila kusimama, bila kurudia, swali na jibu, swali na jibu, mpaka mwisho.

Mkaguzi hakuaga mara moja. Alisogea karibu na kamera yake na kuuliza kitu. Mama mkubwa alijibu huku akisema kwa sauti, nadhani makusudi ili tusikie.

"Ndiyo, niko kwenye gari. Ndiyo, lilikuwa linatembea. Sitakudanganya."

Mkaguzi akauliza tena.

"Mume wangu."

Tena.

"Hapana, hajaajiriwa. Yuko kwenye majaribio, kama mimi."

Uso usiodanganyika ulipasuka. Mkaguzi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasema, na Mama mkubwa akatutafsiria sentensi kwa sentensi: kwamba mwanzo ulikuwa mbaya na angemfelisha, kwamba tangu ule mti ulipopita picha ilikuwa safi kuliko ya ofisini, kwamba amewajaribu wakalimani wengi na hajaona mikono inayotulia hivyo nchi ikitembea nyuma yake. Atafanya kazi kutoka kwenye basi hilo. Lakini mbele ya mgonjwa wa kweli gari lisimame, pua kwenye mnara kabla ya zamu, na nyuma yake liwekwe pazia, kwa sababu mkaguzi mwenyewe amepoteza swali zima akitazama mbuzi.

Kompyuta ikafungwa. Mama mkubwa alivua visikilizio, akatembea hadi mbele. Nilidhani atampiga.

"Dereva," alisema.

"Naam."

"Umenigeuza nikiwa kazini kama gunia la viazi."

"Niliona unasema 'tena'," alisema Baba mkubwa, macho kwenye usukani. "Nikaona leo nisikie mara ya nne. Kawaida nangoja ya saba."

Mbele yao, kioo kikubwa chote kilikuwa kimejaa kilima kikavu, choo cha shimo cha mtu fulani, na mnara wenye kutu. Maji yote yalikuwa nyuma, kwenye kidirisha kidogo cha kazini. Mama mkubwa aliyaangalia, kisha akakiangalia kilima, na niliona ameelewa mumewe alichojinyima, kwa sababu hakukitaja. Alikwenda mlangoni akaliinua sanduku. Alilibeba mpaka mbele, akalilaza chini kati ya vile viti viwili, akaweka juu yake vikombe vitatu, akamimina chai, na akaketi kwenye kiti cha pili, kile cha dirishani.

"Hulifungui?" aliuliza Baba mkubwa.

"Hii ni meza sasa."

"Meza nzuri."

"Ila ina zipu," alisema, na akampulizia chai yake.

Baba mkubwa alicheka, na safari hii hakuwa anaogopa. Alikunywa funda moja akautazama mnara kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayemchunguza mkwe.

"Injinia," alisema, "yale yaliyo juu kabisa, yale makasha meupe marefu, ndiyo yanayotusikia?"

"Ndiyo, Baba mkubwa."

Aliinua mkono kutoka kwenye usukani. Kwa vidole vinene, vibaya, akiwa amevikosea kidogo, akaufanyia mnara alama ya asante. Mama mkubwa alimshika mkono huo, akamrekebisha kidole kimoja, na kumwambia, "Tena."